Njoo na Mzazi

Mwaka 2017, Serikali ilipotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa dereva wa kampuni binafsi, na cheti feki sikuwa nacho. Sikuwa na cheti cha aina yoyote. Bosi wetu, mtu anayeiga kila kitu cha Serikali isipokuwa pensheni, akabandika tangazo: dereva asiye na cheti cha kidato cha nne akakitafute, la sivyo aache ufunguo mapokezi.

Basi mimi, baba wa watoto watatu, mwenye kitambi na nyumba ya kupangisha Mbagala, nikaanza sekondari.

Kwa sisi tulioishia darasa la saba njia ilikuwa QT, mtihani wa maarifa wa Baraza la Mitihani. Ukiupita huo ndipo unaruhusiwa kujiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikapata kituo cha masomo ya jioni, banda la bati lenye mabenchi yaliyochongwa kwa ajili ya watu wasio na makalio. Jioni ya kwanza nilivaa shati jeupe na suruali nyeusi, kaunta buku kwapani. Naingia tu, darasa zima likasimama: "Shikamoo mwalimu!" Nikaitikia, maana kwa umri wangu marahaba hutoka yenyewe. Binti mmoja akanikabidhi chaki. Nikaipokea, nikaipita meza ya mwalimu, nikaenda kukaa benchi la nyuma. Kicheko kilichofuata nadhani kilifika Kongowe. Tangu hapo nikawa Mshua.

Hilo lilikuwa dogo. Alipoingia mwalimu wa hesabu nikamwona mpangaji wangu wa chumba cha uani. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemgongea mlango kudai kodi, nikasikia redio ikizimwa. Sasa yuko mbele yangu na rula ya ubaoni.

"Gudi ivuningi, sa!" watu wakasimama. Mimi magoti yangu yakaja baadaye.

"Wewe... nanihii... wa nyuma. Mbona unachelewa kusimama?"

Maisha yakawa ya mizani. Nyumbani: "Shikamoo baba mwenye nyumba." "Marahaba. Kodi?" "Zoezi la jana umemaliza?" Basi tunapishana kimya, kila mtu na ndoo yake. Nikimkumbusha mchango wa umeme wa LUKU, kesho yake naitwa ubaoni kutafuta eksi. Mke wangu akaanza kuwaambia majirani kwamba kodi ya uani siku hizi inalipwa kwa aljebra.

Na hesabu zenyewe ni za Kiingereza. Kiingereza changu mimi ni cha dashibodi: oili, betri, hendibreki.

Sasa, jioni moja akaandika swali la mwendo. Akatufafanulia kwa Kiswahili, Mungu ambariki: basi linatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, kilometa 190, kwa mwendo wa kilometa 95 kwa saa. Litatumia saa ngapi?

Jamani. Nimesoma miezi kadhaa bila kuelewa kitu, leo limekuja swali la barabara yangu! Nikanyoosha mkono mpaka kikwapa kikalia.

"Saa nne na nusu, sa. Tano kama ni Ijumaa."

"Jibu ni saa mbili."

"Saa mbili? Mwalimu, saa mbili hata Chalinze hujaiona! Kwanza basi mwisho wake 80, kwenye makazi 50. Huyo wa 95 ameshapigwa tochi ya trafiki Mlandizi, sasa hivi yuko pembeni anaandikiwa. Foleni ya Kimara umeiweka wapi? Mizani ya Vigwaza je? Abiria hawachimbi dawa?"

Darasa likalipuka. Kijana mmoja wa bodaboda akasimama akasema Mshua yuko sahihi, yeye mwenyewe juzi kamsindikiza shangazi yake. Binti wa ile chaki akafuta saa mbili kwenye daftari, akaandika tano kwa sababu siku ile ilikuwa Ijumaa. Mwalimu akapiga rula mezani, rula ikakatika.

"Toka nje! Na kesho usikanyage hapa bila mzazi!"

Nikamweleza kwamba mzazi ni mimi. Akasema hapa wewe ni mwanafunzi.

Mama yangu ana miaka sabini na kitu, na wakati huo alikuwa amekuja kututembelea kutoka Muheza. Nilitegemea akasirike kwa niaba yangu. Akachukua khanga mpya, akajipaka wanja, akatangulia barabarani. Ofisini mkuu wa kituo, kijana ambaye ningeweza kumtuma sigara, akamsomea mashtaka yangu. Mama akasikiliza akitikisa kichwa, halafu akauliza kwa upole:

"Viboko mnavyo?"

Nikaruka. Nikawaambia kanuni za mwaka 2002 ziko wazi: fimbo zisizidi nne, aidhinishe mkuu wa shule, na ziandikwe kitabuni.

Mama akamgeukia mkuu. "Hesabu hajui, lakini nne anaijua."

Nilisikia darasa likicheka nyuma ya bati. Walikuwa wametega masikio wote.

Hapo mwalimu wangu akaingia, akapiga magoti, "Shikamoo bibi," akamweleza kwa sauti ya unyonge jinsi ninavyomgongea mlango alfajiri. Mama akaniangalia kama nimeiba mbuzi. "Unamdai mwalimu wako?" Akakata kesi palepale, bila rufaa: kijana asiguswe kwa kodi mpaka mwanangu afaulu QT. Siku nikifaulu, alipe yote kwa mkupuo.

Mkuu akapiga makofi. Mwalimu akashukuru mpaka machozi. Mimi ndiye niliyekuwa bado napiga hesabu, na hii, kwa mara ya kwanza, niliipata kabla ya wenzangu wote.

Usiku ule niliketi barazani na kaunta buku na tochi ya simu, nikasikia kandambili zinakuja kutoka uani. Mpangaji wangu, na kikombe cha chai mkononi. Akanifungia daftari taratibu.

"Baba mwenye nyumba, kapumzike. Macho hayo. Hesabu zipo tu, hazikimbii."