Rusinga iko hapo tu, watoto waione

Nimesoma hii habari ya walimu kukaa na wanasayansi wakapanga visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, viingie darasani, nimefurahi sana. Mimi nafundisha sayansi praimari huku Kisumu na miaka yote kisukuku kwetu ni kamchoro keusi kwenye kitabu, mtoto anakariri jina anapita mtihani basi. Na kisiwa cha Rusinga kiko hapo tu, unafika Mbita unavuka daraja umeingia, ndio pale mtafiti wa visukuku Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka wa 1948, kiumbe wa jamii ya masokwe, hana mkia, wa miaka kama milioni 18 iliyopita! Songhor na Koru, nako visukuku vimepatikana, si mbali. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kusikia.

Si lazima fuvu lenyewe litoke makumbusho, hapana, hilo libaki salama. Nakala ya plasta inatosha, mtoto aishike, ahesabu meno, ajiulize huyu alikuwa anakula matunda ama majani. Mwaka jana nilileta taya la mbuzi kutoka buchari tukachunguza meno tu, na kengele ya breki ilipolia hakuna aliyetoka. Sasa fikiria wangeshika Proconsul. Tafadhali hao wanasayansi waje na huku kwetu, hata Jumamosi tutafungua darasa.