Ada si mshahara: wanamichezo wa vyuo vya Marekani walipwe, na vijana wetu wasiachwe nje

Uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Kentucky, hapa Lexington ninapoishi, unachukua watu 61,000. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa pale Temeke unachukua 60,000. Na huu wa Kentucky si mkubwa kwa viwango vya huku, maana ule wa Chuo Kikuu cha Michigan unapita watu 107,000. Naanza na hilo kwa sababu kila mjadala wa kuwalipa wanamichezo wa vyuo vya Marekani unapofika kwenye makundi yetu ya simu, ndugu zangu wa nyumbani huwaza michezo ya vyuo tunayoijua sisi: vijana wa UDSM na SUA wanapambana, mashabiki ni wenzao wa bwenini, zawadi ni kikombe na picha ya pamoja. Huku mambo ni mengine kabisa. Kentucky wakicheza kikapu katika ukumbi wa Rupp Arena, watu elfu ishirini na ushee wamekata tiketi, barabara za katikati ya mji hazipitiki, hoteli zimejaa. Mwenye maegesho anapata chake, muuza fulana anapata chake, televisheni inapata chake, kocha ndiyo usiseme. Kwa miongo mingi mtu pekee aliyekatazwa kupata chochote ni yule anayetokwa jasho uwanjani.

Mimi nasema walipwe. Walipwe fedha, juu ya ada na chumba na chakula.

Tazameni ukubwa wa biashara yenyewe. Mwaka 2010 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliuza haki za kutangaza mashindano yake ya kikapu ya wanaume kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Mwaka 2016 mkataba huo ukaongezwa hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8 nyingine. Hayo ni mashindano ya wiki tatu hivi kila mwaka. Kocha John Calipari, kabla hajaondoka hapa Kentucky mwaka 2024, alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni 8 kwa mwaka, na katika majimbo mengi ya nchi hii mtumishi wa umma mwenye mshahara mkubwa kuliko wote ni kocha wa chuo. Si gavana, wala daktari bingwa. Wakati huohuo, mwaka 2014, Shabazz Napier, nyota wa Chuo Kikuu cha Connecticut kilichotwaa ubingwa mwaka ule, aliwaambia waandishi wa habari kwamba ziko usiku analala na njaa. Siku chache baadaye NCAA ikaruhusu wanamichezo wapewe chakula bila kikomo. Yaani mpaka bingwa wa nchi alalamike njaa hadharani ndipo sahani iongezwe!

Chuo hichohicho ndicho alichopita Hasheem Thabeet wetu. Kijana wa Dar es Salaam, zaidi ya futi saba, akawafundisha Wamarekani maana ya kuzuia mpira usiingie kikapuni. Mwaka 2009 aliifikisha timu yake kwenye nusu fainali ya taifa, na akachukua kwa pamoja na mchezaji wa chuo kingine tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya vyuo waliyochezea. Miezi michache baadaye klabu za NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu, zilipochagua wachezaji wapya, yeye akachaguliwa wa pili. Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa NBA, mwaka ule alichaguliwa wa saba. Tulishangilia sote, na tulistahili kushangilia. Lakini ile misimu mitatu aliyojaza kumbi, kanuni zilimkataza hata kuuza sahihi yake mwenyewe. Kama goti lingevunjika msimu wa pili, ile thamani yote ingekuwa imeshaingia mifukoni mwa wengine.

Najua jibu linalokuja kutoka nyumbani, maana nimelisikia kutoka kwa wakubwa zangu ninaowaheshimu: "Mtoto anasomeshwa bure Marekani, anataka nini tena? Ashukuru." Ndugu zangu, tuangalie kwetu. Alphonce Simbu, aliyetuletea dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo Septemba 2025, ni askari wa JWTZ. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi. Wakenya wangapi mabingwa ni askari polisi au askari magereza? Hakuna Mtanzania aliyewahi kuuliza kwa nini jeshi linamlipa mtu mshahara ilhali kazi yake kubwa ni kukimbia. Tunaona ni haki, kwa sababu anaiwakilisha taasisi na taifa, na ana mama wa kumtumia fedha kijijini. Ikiwa tunakubali hivyo kwa nchi isiyo na mabilioni ya televisheni, tunawezaje kumwambia kijana wa Alabama au wa Oregon kwamba kulipiwa ada kunamtosha?

Na hiyo ada yenyewe si kama mnavyoidhania. Kwa muda mrefu ufadhili wa michezo ulitolewa kwa mwaka mmojammoja. Kocha asiporidhika, mwakani haupo. Kwenye riadha, ambako ndiko vijana wetu wengi huingilia, timu ya wanaume ilikuwa na nafasi 12.6 tu za ufadhili kamili, za kugawanywa kwa wakimbiaji, warukaji na watupaji wote. Kwa hiyo wengi walipewa robo au nusu, na kilichobaki mzazi ajue mwenyewe. Wa Mbulu au wa Iten aliyeambiwa "umepata skolashipu" alikuwa anaweza kufika na kukuta deni linamsubiri.

Kuumia nako kuna historia yake. Mwaka 1955 kijana mmoja, Ray Dennison, alifariki kwa jeraha la kichwa alilolipata akiichezea timu ya chuo kidogo cha Colorado kwa ufadhili wa michezo. Mjane wake akaomba fidia inayolipwa familia ya mfanyakazi aliyekufa kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo ikamnyima, ikisema chuo hakifanyi biashara ya mpira. Msingi wote wa kutowalipa umejengwa juu ya wazo hilo, kwamba hapa hakuna biashara. Mtu aingie Rupp Arena jioni moja tu ya mechi aone kama kweli hakuna biashara.

Mambo yameanza kubadilika, na nimeyafuatilia kwa furaha. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya NCAA, majaji tisa kwa sifuri, na Jaji Brett Kavanaugh akaandika maoni makali kwamba hakuna sekta nyingine nchini ambamo waajiri wangeruhusiwa kukubaliana wasiwalipe watu wao thamani halali. Tarehe 1 Julai mwaka huo wanamichezo wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwenye matangazo. Kisha Juni 2025 ukapitishwa usuluhishi wa kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA: dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza zamani, na ruhusa kwa kila chuo kuwagawia wanamichezo wake mpaka kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Lakini hapo ndipo vijana wetu wanapoachwa mlangoni, na hapo ndipo hasa moyo wangu unapouma.

Lexington ina Wakongo wengi. Kanisani, kwenye maduka ya vyakula, kwenye mabasi ya kwenda kazini alfajiri, Kiswahili cha Bukavu, Uvira na Lubumbashi kinasikika kama uko nyumbani. Kwa hiyo Oscar Tshiebwe alipokuja kuichezea Kentucky, mzaliwa wa Lubumbashi, hakuna asiyejua ilikuwaje. Wazee wasiojua hata kanuni moja ya kikapu walikaa mbele ya televisheni. "Ni mutoto wa kwetu," jirani yangu alikuwa anasema kila mpira ukimdondokea mikononi. Mwaka 2022 akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Wachezaji wenzake, Wamarekani, walikuwa wanafanya matangazo ya biashara mchana kweupe. Yeye, mwenye viza ya mwanafunzi, sheria ya uhamiaji ilimbana. Viza hiyo inaruhusu kazi ndani ya chuo, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na nje ya chuo mpaka kibali maalumu. Tangazo ni kazi. Ikabidi asubiri mpaka Agosti 2022, timu ilipokwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki, ndipo afanye kazi za matangazo huko, nje ya ardhi ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima avuke bahari ndipo apate anachokipata mwenzake wa benchi akiwa chumbani kwake!

Tshiebwe angalau alikuwa na jina, na chuo chenye uwezo wa kumpeleka Bahamas. Fikirieni wakimbiaji. Edward Cheserek, Mkenya, aliiletea Oregon mataji 17 ya NCAA akamaliza kabla ya ruhusa ya 2021. Henry Rono aliweka rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State. Suleiman Nyambui, aliyetuletea fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Vyuo hivi vilijijengea jina kwa miguu ya Afrika Mashariki. Sasa mgao mpya unaelekea zaidi kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu, idadi ya wanariadha katika kila timu imewekewa kikomo, na kikwazo cha viza bado kiko palepale. Sidai mkimbiaji alipwe sawa na nyota wa mpira anayejaza uwanja. Nadai posho ya msingi kwa kila mmoja, matibabu yanayoendelea hata baada ya kumaliza kucheza, ada isiyofutwa kwa sababu ya jeraha, na viza inayotambua kwamba kijana huyu anafanya kazi. Bunge la Marekani ndilo lenye uwezo wa kurekebisha hilo la viza, na sisi wenye kura huku tuwaandikie wabunge wetu.

Pamoja na hayo yote, kuna jambo moja la huku ninalolitamani kwetu. Mtoto mwenye kipaji hapa halazimiki kuchagua kati ya daftari na kiatu. Sisi tuna UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mtoto anang'ara, anatajwa redioni, kisha basi. Akitaka mpira aache shule, akitaka shule aache mpira. Nimesoma na vijana waliokuwa na miguu ya ajabu, leo hawana cheti wala klabu. Vyuo vyetu vingetenga hata nafasi chache za ufadhili kwa wanamichezo, kwa mkataba ulioandikwa vizuri, tungeanza bila ule ubahili uliowachukua Wamarekani zaidi ya miaka mia kuuacha.

Kwa mzazi ambaye mwanawe ameshatafutwa na kocha wa huku, usisaini kabla hujaandikiwa majibu ya haya: ufadhili ni kamili au nusu, ni wa miaka mingapi, akiumia nani anatibu na ada inaendelea au la, na likizo ya miezi mitatu atakula wapi. Kocha akisema tuyazungumze akifika, mwambie tuyazungumze sasa.