Timor ya Mashariki 1999: Siku 16 Zinazohesabiwa kwa Mkupuo

Kila panapojadiliwa Timor ya Mashariki, lawama huja upesi: wananchi waliahidiwa kura huru ya kuamua kubaki Indonesia au kujitenga, wakaipiga huku wakitishwa, kisha dunia ikawaacha mikononi mwa wanamgambo. Lawama hiyo ina uzito. Matokeo yaliyotangazwa tarehe 4 Septemba 1999 yalionyesha kwamba asilimia 78.5 wamekataa kubaki ndani ya Indonesia. Kabla ya kikosi cha kimataifa kutua Dili, mji mkuu wa Timor ya Mashariki, tarehe 20, mji huo ulikuwa umeteketezwa, waliokimbilia kanisani katika mji wa Suai walikuwa wameuawa, na watu wapatao robo milioni walikuwa wamekimbia au kuswagwa hadi Timor ya Magharibi, iliyo sehemu ya Indonesia.

Hizo ni siku 16, na wakosoaji huzitaja kwa mkupuo kana kwamba zote zilipotea bure. Siku nane za kwanza zilitumika kumbana Rais Habibie wa Indonesia: tarehe 9 Marekani ilisitisha uhusiano wa kijeshi na Jakarta, viongozi waliokutana Auckland kwa mkutano wa APEC, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Asia na Pasifiki, ambao ajenda yake ilikuwa biashara, wakajikuta wakizungumzia Dili, na tarehe 12 Habibie akaridhia kikosi cha kimataifa kiingie. Siku tatu baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1264 la kukiidhinisha kikosi hicho, na siku tano baada ya hapo askari wa kwanza wa kikosi kilichoongozwa na Jenerali Peter Cosgrove wa Australia wakatua. Kwa baraza ambalo mwaka 1994 lilipunguza askari wake nchini Rwanda huku mauaji yakiendelea, huo haukuwa mwendo wa kobe.

Wanaosema dunia ingeingia bila kubisha hodi humsahau aliyekuwa amesimama mlangoni. Wanamgambo walilelewa na jeshi la Indonesia lenyewe, kwa hiyo kuingia kwa nguvu kungekuwa kutangaza vita na nchi ya nne duniani kwa wingi wa watu, ilhali wakimbizi wale wa Timor ya Magharibi walikuwa chini ya mamlaka ya jeshi hilohilo. Ridhaa iliyochukua siku nane kupatikana ndiyo iliyowezesha bunge la Jakarta kuyakubali matokeo mwezi Oktoba, na askari wa mwisho wa Indonesia kuondoka mwanzoni mwa Novemba bila vita kati ya majeshi mawili.

Kosa, kwa maoni yangu, lilitendeka Mei. Makubaliano ya tarehe 5 mwezi huo, kati ya Indonesia, Ureno iliyokuwa mkoloni wa Timor ya Mashariki, na Umoja wa Mataifa, yaliikabidhi Indonesia ulinzi wa kura, na polisi wa Umoja wa Mataifa wakaenda bila silaha. Inasemwa kwamba bila sharti hilo kura isingepigwa kabisa, na yawezekana ni kweli, kwa kuwa majenerali wa Habibie hawakuitaka tangu mwanzo. Lakini mauaji ya kanisani katika mji wa Liquiçá, Timor ya Mashariki, yalikuwa yametokea Aprili, mwezi mmoja tu kabla ya saini kutiwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba hakujua mlinzi huyo ni wa namna gani. Na ikiwa Septemba zilitosha siku tatu tangu Marekani isitishe uhusiano huo hadi Jakarta ikalegea, upande huu ninaoutetea, wa wanaosema dunia haikuchelewa Septemba, bado haujaeleza kwa nini shinikizo hilohilo halikutumika Mei, wakati lilipohitajika kubadili kifungu kimoja tu cha makubaliano.