Mpira Uliopanda Chukudu

Muzee aliyenifundisha tenisi alikuwa na hadithi moja tu, na kila mvua ilipotufukuza uwanjani alituletea ileile. Mwaka 1989, kule Roland-Garros, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Paris, kijana wa miaka 17 aitwaye Michael Chang alikazwa na misuli hadi kutembea ikawa shida. Akamwanzishia Ivan Lendl, namba moja wa dunia, mpira kwa mkono wa chini, taratibu, kama unavyomrushia mtoto embe. Lendl akavurugika. Chang akashinda mechi ile, na baadaye akabeba kombe lenyewe.

Basi nami siku ya mechi yangu ya kwanza ya mashindano, hapa Goma, nilikuwa na miaka 17. Misuli haikuniuma hata kidogo. Nilikuwa na kaptula nyeupe ya kuazima kwa yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeimba kwaya, raketi ya muzee, na miaka minne ya kuokota mipira ya wakubwa. Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja: mpira ukipotea, unakatwa pesa.

Seti ya kwanza naongoza 5–4, arobaini kwa thelathini. Mpinzani wangu kasimama mbali kabisa nyuma ya mstari. Nikasema moyoni: sasa ndiyo saa ya Chang.

Nikaanzisha kwa mkono wa chini. Ila mkono ulikuwa umejaa furaha, na mpira badala ya kudondoka nyuma ya wavu ukapaa, ukapita juu ya ukuta wa mawe ya volkano, ukaenda barabarani.

Mchezaji mwenye akili angeomba mpira mwingine, maana nilikuwa bado na nafasi ya pili. Lakini miguu yangu ilikuwa bado ya muokota mipira. Nilishtukia niko nje ya geti.

Mpira ulikuwa umetua kwenye chukudu, ile skuta ya mbao isiyo na injini, iliyobeba makala ya kupikia, katikati ya magunia mawili, na chukudu inateremka kuelekea ziwani. Mwenyewe kapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine umening'inia karibu na breki, yaani kile kipande cha tairi kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Hakuwa na nia ya kukikanyaga.

Nikafuata mbio, raketi mkononi, napiga kelele: “Papa, simama! Papa!”

Hebu fikiria mama muuza ndizi pale kando alichokiona: kijana mwenye kaptula ya kwaya, raketi ya bei kali, anakimbia kama anafukuzwa. Akatangaza kwa sauti moja tu: “Mwizi!”

Walinikamata watano. Nikaeleza kwamba mimi ni mchezaji. Wakacheka. Mmoja akaokota nyanya kwenye beseni la jirani: “Kama ni yako, cheza tuone.” Akairusha.

Niseme ukweli, ule ndio mpigo wangu bora wa siku nzima. Nilipinda magoti, nikaipiga katikati kabisa. Nusu ya nyanya ilipita kwenye nyuzi ikaniishia kifuani, nusu nyingine ikamfikia mama wa ndizi. Tulinyamaza wote. Kisha yeye mwenyewe akaanza kucheka, wakaniachia, na mwenye chukudu, aliyekuwa amesimama chini huko kutazama vurugu, akanirushia mpira wangu. Ulikuwa mweusi kama kiazi kilichosahaulika motoni.

Nilirudi nachechemea, sasa misuli ilinikaza kweli. Mpinzani wangu alikuwa ameshakaa kivulini anakunywa soda. Mwamuzi alikuwa ameshaandika kwamba nimeikimbia mechi.

Muzee hakuniuliza juu ya matokeo. Aliutazama mpira, akaufuta kwa shati lake, akauweka pamoja na wenzake.

“Moja, mbili, tatu. Vizuri.”

Akaingiza mkono mfukoni, akanipa franga 500. Hiyo ndiyo pesa yangu ya kwanza kuipata kwenye mashindano, na yaya akaichukua yote kwa ajili ya sabuni.