Mzee Aliyestaafu Bila Kutoka

Mwaka 2008, ofisi moja ya Dar es Salaam ilikuwa na seva moja ya Windows Server 2003, na wafanyakazi wote walifanyia kazi humo humo. Mezani kwa mtu kulikuwa na skrini, kibodi na kiboksi kisicho na akili; akili yote ilikaa chumba cha nyuma, kwenye kiyoyozi. Niliitwa kwa sababu Cygwin imegoma. Kwa asiyeijua, hiyo hukuletea amri za mfumo wa Unix ndani ya Windows, bash na grep na ndugu zao, na ofisi ilizitaka kwa kuchambua mafaili ya mauzo.

Kwanza nikakuta fundi aliyenitangulia, alipoulizwa wakati wa kusakinisha kama anaweka kwa ajili ya wote au yeye peke yake, alijibu yeye peke yake. Zamani hizo Cygwin iliandika njia za mafaili yake kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio, na zake zikaenda upande wake tu. Wengine wakifungua bash wanaambiwa hata ls, amri ya kuorodhesha mafaili, haipo. Nikasakinisha upya kwa ajili ya wote. Kebo ya intaneti ya SEACOM, ile ya chini ya bahari, ilikuwa haijafika pwani, kwa hiyo kushusha vifurushi kulikula asubuhi nzima.

Kufungua bash, kitu kingine: ujumbe wenye tarakimu za kutisha, ukinishauri nitafute kila cygwin1.dll, faili ambalo ndilo moyo wa Cygwin, nifute, nibakize iliyo mpya kabisa. Maana yake kuna programu nyingine imebeba cygwin1.dll yake ya kizamani, na iko kwenye kumbukumbu muda huo. Cygwin mbili za matoleo tofauti ni wake wenza kwenye chumba kimoja.

Nikapita meza kwa meza, ili programu hiyo ifungwe. "Jamani, naomba kila mtu atoke kwenye seva."

"Tumeshatoka, fundi."

Hawakuwa wametoka. Walibonyeza alama ya X pembeni ya dirisha, ambayo inafunga dirisha tu. Kazi zako kule kwenye seva zinaendelea kama kawaida. Nikaandika quser kuona nani yumo. Wamo wote, na juu yao jina la mzee wa stoo, ambaye hajagusa kibodi kwa zaidi ya mwezi.

"Huyu mzee yuko wapi?"

"Alistaafu. Tulimuaga kwa keki na pilau."

Kumbe mzee kaagwa, kaenda zake Mbagala, na kule kwenye seva bado yuko kazini, kaacha wazi kijiprogramu cha kugeuza nyimbo za kanda kuwa mafaili ya simu. Ndani yake, cygwin1.dll ya kizamani. Na kwa kuwa ofisi nzima ilipewa mamlaka ya msimamizi "ili mambo yaende", cha kwake kilimgusa kila mtu.

Nikataka kumtoa. Bosi akakataa: "Mpigie kwanza, huenda ana hesabu za stoo hajahifadhi."

Nikampigia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hesabu nilikabidhi. Ila nyimbo zangu usiguse!"

Hata sijamjibu, skrini zote zikakatika kwa mpigo. Ofisi nzima ikapiga yowe. Seva imezimwa, na chumba chake kimefungwa.

"Ufunguo anao nani?"

Wakatazamana. Mzee, bado yupo kwenye simu, akakohoa. "Ninao hapa, kwenye funguo zangu za nyumbani. Nilisahau kuurudisha."

Alifika saa tisa, foleni ya Kilwa Road imemnyanyasa, na flashi mkononi. Akafungua chumba, akabonyeza kitufe mwenyewe. Seva ikaamka, mzee hayumo tena ndani yake, na bash ikafunguka kwa kila mtu. Yeye akanakili nyimbo zake. Bosi naye, bila kumtazama mtu usoni, akatoa flashi yake.

Kisha akakumbuka ukali: "Nani alizima seva?"

Windows Server 2003 haikubali kuzimwa hivi hivi; lazima uijazie sababu, na sababu inahifadhiwa. Nikafungua kumbukumbu za matukio ya seva. Jina lilikuwa la mama wa uhasibu. Kwenye sababu aliandika: "Fundi kasema tutoke."