Kinga ya Mmea Ina Gharama, na Mkulima Anastahili Kuijua

Mbegu inayostahimili magonjwa husifiwa kana kwamba kinga hiyo haiupunguzii mmea chochote. Siafiki, na sababu yangu imo ndani ya seli.

Mmea hauna damu ya kusambaza kinga mwilini, hivyo kila seli hujilinda yenyewe. Protini na malighafi za kujengea ukuta wa seli hufungwa katika vifuko vidogo vya utando, vikasafirishwa hadi ukingoni na kumwagwa nje, na ndivyo seli inavyorefuka na kugawanyika. Spora (chembe ya uzazi) ya ubwiriunga, ukungu unaofunika majani kwa unga mweupe, inapotua juu ya jani na kuanza kulitoboa, seli huelekeza vifuko mahali hapo hapo, ikarundika kalosi, yaani kabohidrati ya kuziba na kuimarisha ukuta wa seli, na kemikali zenye sumu hadi kinundu kigumu kizibe njia ya ukungu. Katika mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, protini za VAMP721 na VAMP722 husaidia kumwaga vifuko hivyo katika kazi zote mbili, ukuaji na kinga: mmea uliozikosa zote hufa ungali mche, na uliobakiwa na nakala moja tu ya jeni zake hukua, lakini ukungu huupenya kwa urahisi zaidi.

Gharama ya kinga inaonekana wazi kwenye shayiri. Jeni ya Mlo ikiharibika, ubwiriunga hushindwa kuingia. Ukinzani huo ulipatikana Ujerumani kwa kutumia mionzi, ukaripotiwa mwaka 1942, na ulikuwepo pia katika shayiri za asili za wakulima wa Ethiopia, ambazo mbegu zake zilikusanywa miaka ya 1930. Hata hivyo, majani ya shayiri hiyo hurundika kalosi hata pasipo adui, huzeeka mapema, na mavuno yanaweza kupungua.

Sisemi kwamba hasara hiyo haiepukiki. Mwaka 2022 watafiti wa China walieleza kuhusu ngano iliyopoteza kipande cha kromosomu chenye jeni ya aina hiyo, jeni jirani ya TMT3 ikaongeza kazi yake, na ngano ikawa kinzani bila kudumaa. Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayotaka igharimiwe zaidi, na hadi itakapozaa mbegu za kutosha, kila anayetangaza mbegu kinzani aonyeshe pia mavuno yake katika msimu usio na ugonjwa, kwa kuwa misimu hiyo nayo mkulima huilima kwa fedha yake.