Gari la kwanza la kijana: soma chesisi kabla ya namba

Tangazo la gari dogo Dar es Salaam halianzi na injini, linaanza na herufi ya namba ya usajili. "IST namba E, haidaiwi, kadi mkononi." Bei inapanda kwa sababu ya E badala ya C, na kijana anayetafuta gari lake la kwanza anaingia humo na vijisenti vyake vya kuhesabu. Herufi inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Vitz ya 2006 iliyozeekea Japani ikaja kupewa namba E bado ni ya 2006, na bushi, hosi na mipira inayoshika injini ina umri huo huo.

Kinachosema ukweli ni chesisi. Kwenye magari madogo ya Japani, herufi za mwanzo za namba ya chesisi ndiyo modeli yenyewe. Chukua Suzuki Swift ya umbo lililotoka mwaka 2004 hadi 2010: ZC11S ni injini ya lita 1.3, ZC21S ni 1.5, ZC71S ni 1.2, na ZC31S ndiyo Swift Sport ya 1.6 yenye nguvu za farasi 125. Ukiuziwa "Sport" halafu chini ya boneti bamba linasoma ZC71S, umeletewa gari la 1.2 lililobandikwa nembo na bampa.

Nimeitaja Swift makusudi, kwa sababu ndiyo ninayoipendekeza: 1.3 au 1.5, yenye gia za mkono. Raha ya gari dogo haitoki kwenye farasi, inatoka kwenye uzito. Swift hizi zinacheza kwenye kilo elfu moja hivi, magurudumu yamesukumwa pembeni kabisa, na usukani unakupa habari za barabara. Ukipanda Mombo kwenda Soni, gia ya pili na ya tatu zinakutosha, na unafurahi ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Kwenye barabara zenye tochi za trafiki, hilo si jambo dogo. Ile Sport ni tamu zaidi, sikatai, lakini nyingi zimeshapitia mikono iliyozikamua, na kijana anayejifunza hana haja ya kurithi uchovu wa mwenzake.

Gia za mkono zina faida nyingine ambayo madalali hawaisemi: mjini wengi wanazikimbia, kwa hiyo una nafasi ya kushusha bei. Na zikichakaa, kinachochakaa kwa kawaida ni klachi: sahani, kifuniko chake na beringi. Fundi mzuri anaifunga ndani ya siku moja. Gia boksi la CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za kawaida, likifa, mara nyingi unanunua zima, tena la mtumba, bila kujua lilitunzwaje. Honda Fit za kwanza, zile za 2001 hadi 2007, ni mfano. Gari lenyewe ni zuri, viti vya nyuma vinakunjwa hadi unapakia baiskeli, ila CVT yake ina klachi ya kuondokea ndani ya mafuta. Mafuta yakichoka, au mtu akimimina ATF ya kawaida (mafuta ya gia boksi za otomatiki), gari linatetemeka kila ukiondoka kwenye foleni. Wakati mwingine kubadilisha mafuta kwa aina aliyoagiza Honda kunatibu, wakati mwingine klachi imeshaungua. Injini yake ya 1.3 pia ina plagi nane, mbili kila silinda. Ukisikia fundi anasema "nimebadilisha plagi zote nne", ujue kazi imefanyika nusu.

Kama fundi wako hajawahi kufungua Suzuki, tafuta Vitz RS ya NCP91. Injini yake ya 1NZ-FE ndiyo ile ile ya IST ya 1.5, na spea zake ziko kila kona, Gerezani au Ilala Shauri Moyo. Mazda Demio iliyotoka 2007 nayo ni nyepesi na inakata kona vizuri. IST? Ni gari la busara, inauzika kesho asubuhi. Furaha ni habari nyingine.

Sasa ukaguzi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, rudi siku nyingine. Injini ya baridi haifichi kitu: mkwaruzo wa cheni sekunde chache baada ya kuwaka unaonyesha oili ilikuwa haibadilishwi kwa wakati, moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni maji yanaingia kwenye silinda. Kabla ya kuwasha, fungua rejeta. Maji ya rangi ya kutu yanakwambia mwenye gari alikuwa anajaza ya bomba. Watu wengi wa Dar wanadhani kulanti ni ya nchi za baridi, kumbe kazi yake nyingine ni kuzuia kutu ndani ya injini na rejeta.

Barabarani, ukiwa kilomita 40 kwa saa weka gia ya nne na ukanyage mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukiruka na gari halifuati, klachi imekwisha. Halafu toka gia ya tatu urudi ya pili, kwa mwendo wa kawaida wa mkono. Ikikwaruza, zile ringi za shaba zinazolainisha gia zimelika, na hapo gia boksi lazima lifunguliwe. Klachi punguza nayo bei. Gia ya pili inayokwaruza, achana na gari. Maliza kwa kukata usukani hadi mwisho na kuzunguka taratibu kila upande. Ule mlio wa ka-ka-ka ni jointi za draifshafti.

Magari yaliyozama kwenye mafuriko yanaoshwa, yanapuliziwa manukato na kurudi sokoni. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake: mstari wa tope haujifichi. Angalia boliti zinazoshika viti, na matope chini ya tairi la akiba. Springi zilizokatwa ili gari lilale chini pia ni sababu ya kuondoka, kwa sababu kwenye matuta yetu shokapu zimeshakufa.

Usimalize pesa zote kwenye kununua. Mimi ningeacha moja ya tano pembeni: oili na filta, kulanti, plagi, breki pedi, na zaidi ya yote tairi. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 3418 ni wiki ya 34 ya mwaka 2018. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu na bado mpira umekauka kama kandambili ya zamani. Mvua ya kwanza linateleza. Tairi nne mpya za daraja la kati zitaboresha Swift ya 1.3 kuliko ekzosi yoyote yenye kelele.

Karatasi ni za haraka: namba ya chesisi kwenye kadi ifanane na ya kwenye chuma, faini za trafiki zikaguliwe kwa namba ya gari, na kadi iwe halisi. Nakala mara nyingi maana yake ni kwamba halisi iko kwa aliyemkopesha muuzaji. Pesa zitoke siku ya kuhamisha umiliki TRA, si siku ya kupewa funguo.